Mombasa hadi Amu kwa ndege: Ni kilomita ngapi, na safari huchukua muda gani hasa?

Jibu la mkato kwanza, kwa mwenye haraka. Kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hadi uwanja wa Manda, Lamu, ni takriban kilomita 246 kwa mstari ulionyooka angani. Ndege ikienda moja kwa moja huchukua dakika 45 hadi saa nzima, kulingana na aina yake. Kwa barabara, Mombasa hadi Mokowe ni kama kilomita 340, na basi huchukua saa 7 hadi 9.

Mwenye kutaka hayo tu amekwisha kupata. Lakini swali hili huulizwa sana na watu wetu, na aghalabu anayeuliza hajali kilomita. Ana mgonjwa, ana maiti wa kuzika, ana harusi ya Ijumaa, ana kesi mahakamani, au mwanawe amepata barua ya kuitwa kazini. Analotaka kujua ni hili: nikitoka nyumbani sasa, nitafika saa ngapi? Na hapo jibu la dakika 45 halimsaidii, pengine hata humpoteza. Nimeonelea niyaweke yote mahali pamoja: umbali, muda wa angani, muda wa kweli wa safari, na yanayomhusu Muislamu msafiri.

Umbali wenyewe

Pwani yetu ina viwanja vitatu vilivyojipanga kama shanga kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki: Moi hapa Mombasa, Malindi, na Manda. Kwenye tiketi huandikwa kwa herufi tatu tatu. Mombasa ni MBA, Malindi ni MYD, na Lamu ni LAU. Zikumbuke herufi hizo, maana ndizo zitakazokuonyesha ndege yako inapita wapi.

Umbali wa angani ni huu, kwa makadirio ya karibu:

Mombasa hadi Malindi: kilomita 105.
Malindi hadi Manda: kilomita 141.
Mombasa hadi Manda moja kwa moja: kilomita 246.

Jumlisha ile miwili ya kwanza utapata 246 ile ile. Sababu ni kwamba Malindi iko karibu kabisa kwenye mstari wa njia. Ndege inayotua Malindi kuchukua abiria haipotezi umbali, ila hupoteza muda wa kushuka, kusimama na kupanda tena. Hiyo ni nusu saa au zaidi.

Namna ya kuhesabu mwenyewe

Huhitaji kompyuta kuhakikisha hesabu hii. Sisi tuko karibu na ikweta, na hapa hesabu ni nyepesi kuliko pengine popote duniani. Dakika moja ya digrii, iwe ya latitudo au ya longitudo, ni sawa na maili moja ya bahari, au pungufu yake kidogo sana. Na maili moja ya bahari ni kilomita 1.852. Manahodha na marubani wote hutumia kipimo hicho hicho, na mwendo wao wote huitwa noti.

Uwanja wa Moi uko digrii 4 na dakika 2 kusini mwa ikweta, na digrii 39 na dakika 36 mashariki. Manda uko digrii 2 na dakika 15 kusini, na digrii 40 na dakika 55 mashariki. Toa moja katika nyingine. Tofauti ya kusini na kaskazini ni dakika 107, na tofauti ya magharibi na mashariki ni dakika 79. Sasa ni ile hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni: 107 mara 107 ni 11,449, na 79 mara 79 ni 6,241. Jumla ni 17,690. Kipeuo chake cha pili ni 133. Basi ni maili 133 za bahari. Zidisha kwa 1.852 unapata kilomita 246.

Kijana wa kidato cha pili anaweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi, na ataona hisabati ya darasani ina kazi nje ya mtihani.

Muda wa angani

Umbali haubadiliki, lakini muda hubadilika kwa sababu ya mambo matatu.

La kwanza ni aina ya ndege. Ndege ndogo ya injini moja kama Cessna Caravan huenda karibu kilomita 300 kwa saa, kwa hivyo kilomita 246 huzikata kwa dakika kama 49. Ndege ya mapanga mawili kama Dash 8 au ATR huenda karibu kilomita 480 hadi 500 kwa saa, na safari hiyo huimaliza kwa nusu saa. Lakini hakuna ndege inayoenda kasi hiyo tangu gurudumu linapoacha ardhi. Kuna kutambaa ardhini kufuata zamu, kuna kupanda, kuna kuzunguka kutafuta upande wa kutua. Ongeza dakika 10 hadi 15. Ndiyo maana husemwa dakika 45 hadi saa moja.

La pili ni pepo, na hapa Mswahili hahitaji kufundishwa. Kutoka Mombasa kwenda Amu unaelekea kaskazini mashariki, yaani unaifuata kaskazi inakotoka. Kuanzia Disemba hadi Machi, ndege iendayo Amu huwa na upepo wa mbele, na irudiyo Mombasa husukumwa nyuma. Kusi ikiingia mambo hugeuka. Wazee waliokwenda kwa majahazi walijua jambo hili bila ya kufundishwa na mtu, na njia kuu ya kurukia ndege ya Moi, yenye urefu wa mita 3,350, nayo imelazwa kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, sambamba na msimu. Tofauti ni kwamba jahazi lilisubiri msimu, na ndege haisubiri. Kwa ndege ya kilomita 300 kwa saa, upepo wa kilomita 20 kwa saa ukiwa mbele hufanya safari iwe dakika 53, na ukiwa nyuma dakika 46. Tofauti ya dakika 7 tu.

La tatu ni vituo, na hili ndilo kubwa kuliko pepo na injini. Tiketi inaweza kuandikwa MBA hadi LAU, na chini yake kwa herufi ndogo mna kituo katikati. Kituo hicho kikiwa ni Malindi, umepoteza nusu saa. Kikiwa ni Nairobi, soma sehemu inayofuata kwa makini.

Kupitia Nairobi: kilomita 877

Ndege za moja kwa moja baina ya Mombasa na Lamu si nyingi, na ratiba zake hubadilika kwa msimu wa watalii. Siku ambayo haipo, wakala atakuambia upitie Nairobi. Hebu tuhesabu. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 422 angani. Nairobi hadi Manda ni kilomita 455. Jumla kilomita 877. Yaani mtu wa Mombasa anayetaka kwenda kumjulia hali mamake Amu husafiri umbali mara tatu na nusu ya ule wa njia ya sawa. Hupanda hadi bara na kuteremka tena pwani, kufika kisiwa kilichoko kando ya bahari ile ile aliyoiacha.

Angani pekee ni saa mbili au zaidi kidogo. Ongeza kungojea ndege ya pili. Na angalia sana: Nairobi ina viwanja viwili vya abiria, Jomo Kenyatta na Wilson. Ukitua kimoja na ndege ya pili ikawa inaondokea kingine, una mji mzima na foleni yake ya magari katikati. Kabla ya kulipa, uliza: natua wapi, na naondokea wapi?

Muda wa kweli: mlango hadi mlango

Sasa ndilo swali lenyewe. Chukua mtu anayekaa Bamburi au Kisauni, anataka kufika Amu mjini.

Kwa ndege ya moja kwa moja: saa moja kuvuka daraja la Nyali na Makupa hadi uwanjani, kama foleni si mbaya. Saa moja na nusu kuwa uwanjani kabla ya kuondoka, kwa ukaguzi na mizigo. Dakika 45 hadi saa moja angani. Kisha Manda si Amu: ukishuka utachukua begi lako, utembee hadi jeti, uvuke mkono wa bahari kwa boti. Hiyo ni nusu saa nyingine au zaidi kidogo. Jumla ni kama saa 4. Anayetoka Likoni au Ukunda apime baina ya feri na barabara ya Dongo Kundu.

Kwa basi: saa moja kufika kituoni na kungojea. Saa 7 hadi 9 njiani kupitia Kilifi, Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe. Kisha boti ya kuvukia kisiwani. Jumla saa 9 hadi 11.

Kwa ndege kupitia Nairobi: saa 6 hadi 8 kama ndege zimeungana siku hiyo hiyo. Zisipoungana, unalala.

Kwa hivyo ndege ya moja kwa moja inakuokolea saa 5 au 6 hivi. Si haba. Lakini haigeuzi siku kuwa dakika 45, na mtu asipange kikao cha saa nne asubuhi kwa kutegemea ndege ya saa tatu.

Kwa nini watu hawalinganishi na barabara tu

Mtu wa mbali huenda akauliza: kilomita 340 za lami, mbona saa zote hizo? Njia ya Garsen hadi Lamu haihesabiwi kwa kilomita peke yake. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, usalama ndio unaoamua mwendo. Kuna vizuizi, kuna kuteremka kuonyesha kitambulisho, na kuna nyakati magari huenda kwa msafara wa polisi, usipouwahi umekwama. Kisha kuna Mto Tana. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara upande wa Gamba, na watu wakawa wanavuka maji kwa maboti kwenda kutafuta gari ng'ambo ya pili. Siku kama hizo ndege si anasa. Ndiyo njia iliyobaki.

Mwaka jana alifariki jamaa yetu huko Amu, habari ikanifikia Mombasa saa mbili asubuhi. Mazishi yalipangwa baada ya alasiri. Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha ondoka. Ndege ya moja kwa moja haikuwapo siku hiyo. Ya kupitia Nairobi ingenifikisha magharibi, kwa nauli ambayo hata nisiitaje. Tuliosalia Mombasa tulikusanyika tukamsomea khitma huku. Maiti kwetu hacheleweshwi, na hilo ni jambo la kheri. Lakini siku hiyo nilielewa kwamba kilomita 246 zinaweza kuwa mbali kuliko Dubai.

Na mgonjwa je? Hospitali ya King Fahd pale Amu ikimpa mgonjwa rufaa ya kwenda Mombasa, familia huwa na njia hizo hizo tatu, ila sasa kila saa ina uzito wake. Ndege maalumu za wagonjwa, kama zile za Amref, kituo chake ni Wilson, Nairobi. Maana yake ni kwamba ndege inayokuja kumchukua mgonjwa Manda lazima kwanza iruke zaidi ya kilomita 450 kumfuata. Familia yenye mzee au mja mzito mwenye matatizo isingoje usiku wa dharura ndipo ianze kuuliza. Ulizeni mapema, na mjue nani ana nambari ya nani.

Yanayomhusu Muislamu msafiri

Ndugu wengi huuliza: safari ya dakika 45, je, napunguza swala? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi hapa pwani, kinachotazamwa ni umbali wala si muda. Kiwango kinachotajwa na wanavyuoni ni marhala mbili, ambazo kwa makadirio mashuhuri ni zaidi kidogo ya kilomita 80. Aliyeikata masafa hiyo kwa siku mbili juu ya ngamia na aliyeikata kwa nusu saa hukumu yao ni moja. Basi Mombasa hadi Manda imetimia na kuzidi, na Mombasa hadi Malindi pia imetimia. Lakini uwanja wa Ukunda hadi uwanja wa Moi, kama kilomita 30, haitoshi. Masharti mengine, kama nia ya kukaa siku nne au zaidi huko uendako, muulize sheikh wako wa msikitini.

La pili ni jua. Amu iko mashariki zaidi ya Mombasa kwa digrii moja na theluthi, na digrii moja ni dakika 4 za saa. Kwa hivyo jua la Amu hutangulia kutua kwa dakika kama 5 kwa wastani. Mwezi wa Disemba tofauti hukaribia dakika 8, na mwezi wa Juni hushuka hadi 2 hivi. Mwenye kufunga aliyefika Amu na ratiba ya Mombasa mfukoni aiache, afuate adhana ya huko. Asubuhi ndiyo muhimu zaidi, maana alfajiri nayo huko hutangulia mwaka mzima, na mwenye kula daku kwa saa ya Mombasa huenda akapitiliza.

Ndege za abiria za Manda ni za mchana, kwa hivyo kufuturu angani si jambo la njia hii. Lakini anayerudi kupitia Nairobi anaweza kukutwa na magharibi juu ya Tsavo. Ukiwa juu, mita 3,000 hivi, jua utaliona dakika kama 6 baada ya walioko chini kuliona limetua. Wanavyuoni wengi wanasema aliye angani hufuata jua analoliona yeye. Subiri lizame mbele ya macho yako.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kulipa

Saa ya tiketi. Tiketi huandikwa kwa saa ya kizungu. 07:15 ni saa moja na robo asubuhi, na 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Mwandikie mzee wako kwa Kiswahili kwenye karatasi, usimsomee tarakimu kwa simu.

Uzito wa mizigo. Ndege ndogo hupimwa kila kilo, na ruhusa aghalabu ni kilo 15 hadi 20. Mfuko wa mchele, debe la samli na zawadi za watoto vipeleke kwa basi siku moja kabla.

Kitambulisho. Bila ya hicho huingii uwanjani, hata ukijulikana na mji mzima.

Kituo cha katikati. Tazama herufi tatu tatu. Ukiona NBO au WIL baina ya MBA na LAU, unapitia Nairobi.

Boti ya Manda. Beba fedha ndogo ndogo, na kama una mzee au mgonjwa, mpigie jamaa wa Amu mapema akuwekee nahodha jeti.

Ndege ya kurudi. Mwenye miadi ya hospitali au mahakama asirudi siku ile ile ya miadi. Arudi siku moja kabla. Kawia ufike, walisema wazee, na hawakuwa wamepanda ndege.

Neno la mwisho

Pwani hii ilikuwa imeungana kwa bahari kabla ya kuwa na uwanja wowote wa ndege. Amu, Malindi na Mombasa zilioana na kuzikana kwa misimu ya pepo. Leo kule Lamu kumejengwa bandari ya meli kubwa, na gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, lakini mkaazi wa Amu anayetaka kuonana na daktari Mombasa bado huambiwa apitie Nairobi. Wanaotuwakilisha katika kaunti zetu mbili na bungeni hawana haja ya kutuahidi uwanja mpya, maana viwanja vipo. Watafute namna ya kuhakikisha angaa ndege moja ya uhakika kila siku, kwenda na kurudi, msimu wa watalii na usio wa watalii, kwa nauli ambayo mvuvi anayempeleka mkewe hospitali anaweza kuilipa.

Kilomita ni 246. Hizo hazipunguzwi na mtu. Saa ndizo zinazoweza kupunguzwa.